Boila la Bi Mkubwa

Karakana ya Makumbusho ya Reli
4 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Kwenye simu hatuelewani tangu masikio yako yalipobaki kwenye injini, kwa hiyo nakuandikia. Na habari hii sitaki kuipigia kelele mpaka majirani zako waijue kabla yako.

Tumepewa ruhusa ya kuwasha injini moja ya mvuke. Sisemi kuipaka rangi na kuizungushia kamba ili watu wapige picha. Nasema kuitia moto, itoke karakana kwa magurudumu yake, ipande kilima mpaka stesheni ya juu, kisha irudi. Itakuwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Na injini waliyoichagua, kaa chini kwanza, ni Sitini na Mbili. Bi Mkubwa wako.

Mwaka mzima nimekuwa tumboni mwake na hukujua, kwa sababu sikutaka kukupa tamaa ya bure. Tumetoa viota vya ndege kwenye bomba la moshi, magunia kwa magunia. Mabomba ya ndani ya boila ni mapya yote. Mpini wa kufungulia mvuke tumeuacha vilevile, ule uliolika upande mmoja kwa kiganja chako, na kile kirafu cha shaba ulichokitengeneza cha kuwekea birika bado kipo mahali pake. Nikisimama pale kibandani najiona kama nimeingia sebuleni kwako bila hodi.

Mkuu wa makumbusho hana imani nasi sana. Aliniambia mbele ya mafundi wenzangu, "Binti, hii ikikwama, nakuhamishia dirisha la tiketi." Nikamjibu kwamba isipotembea hata tiketi hazitauzika. Akacheka, lakini sidhani kama alikuwa anatania.

Ombi langu ni moja. Njoo usimame pembeni yangu siku hiyo.

Mjukuu wako


Nyumbani
13 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote miwani ilikuwa safi.

Ngoja nianze mbali kidogo, unanijua. Watu hudhani injini ya mvuke ilizaliwa na magurudumu. Sivyo. Za kwanza zilikuwa kubwa kama nyumba, zimejengwa kando ya migodi, kazi yao kuvuta maji yaliyofurika mashimoni ili wachimbaji wasizame. Zilikaa hapo hapo, zikapiga kazi hapo hapo. Reli nazo zilikuwapo mbali na injini, na mikokoteni ikivutwa na farasi juu yake. Ilipita karibu miaka mia kabla mtu hajapata wazo la kuipandisha injini juu ya reli, na wa kwanza kufanya hivyo walivunja reli zenyewe kwa uzito. Kwa hiyo utaona kwamba kwa sehemu kubwa ya utoto wake injini ya mvuke ilikuwa kitu cha kukaa mahali pamoja na kuheshimiwa hapo.

Nasema hivi kwa sababu Bi Mkubwa amefanya kazi yake. Mzee aliyelala haamshwi ili aonyeshe wageni anavyotembea. Mpakeni rangi nyeusi nzuri, msugueni shaba zake, watoto wapande kibandani wavute kamba ya honi. Mkitaka moshi, chomeni majani mabichi ndani ya bomba. Kwa mbali hakuna atakayejua.

Mimi mwenyewe magoti hayanipi ruhusa ya safari. Msalimie mama yako.

Babu yako


Karakana
21 Februari

Babu,

Shikamoo. Majani mabichi?

Nimewasomea wenzangu hapa historia yako ya migodi na wameipenda. Hilo la majani sikuwasomea, niliona haya. Babu, wewe ndiye uliyenifundisha jinsi mvuke unavyosukuma pistoni, kwa kutumia bomba la baiskeli na ndimu, nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Nilipoomba chuo cha ufundi, nyumba nzima ilisema msichana atachafuka, ukawaambia sabuni ipo. Leo nimefika kwenye injini yako mwenyewe, na wewe ndiye unayeniambia nisugue shaba.

Mama anasema una wivu. Mimi nimekataa.

Kama unaogopa kwamba hatujui kazi, soma hapa: boila tumelipima. Tulilijaza maji baridi mpaka juu, tukayasukuma mpaka shinikizo likapita kipimo chake cha kazi, tukaliacha hivyo. Halikutoa hata chozi. Mkaguzi ametia sahihi. Wiki ya mwisho ya Machi tunawasha moto wa kwanza, mdogo, wa kulizoesha, na mimi ndiye nitakayekuwa mbele ya mlango wa moto.

Magoti yako mwezi uliopita yalikwenda arusini na kurudi. Kama kuna neno, liseme.

Mjukuu wako


Nyumbani
26 Februari

Mjukuu wangu,

Mama yako amekosea, ila ana haki ya kukisia, maana sikumwachia kitu kingine. Barua hii nimempa dereva wa basi akufikishie mkononi. Usiwashe moto kabla hujaimaliza.

Unajua haya, lakini nivumilie, maana nikiyaruka nitapotea. Boila la garimoshi ni sufuria lenye moto tumboni. Sanduku la moto limo ndani, maji yamelizunguka pande zote na kulifunika paa lake. Maadamu maji yapo juu ya paa, chuma hakipati joto la kukidhuru, kwa sababu maji yanalichukua joto na kuondoka nalo. Maji yakishuka, paa likabaki uchi, dakika chache tu linakuwa jekundu na laini. Likilegea, mvuke wote unatafuta pa kutokea, na pa karibu ni mlango wa kutilia makaa. Mbele ya mlango huo amesimama mtu.

Sasa kile kilima. Injini ikipanda, maji yote hukimbilia nyuma, na kioo cha maji kibandani, kile kinachoonyesha kimo chake, hukuonyesha utajiri. Ukivuka kilele ukaanza kushuka, maji hukimbilia mbele yakaliacha paa, na utajiri wote ulikuwa wa uongo. Ndiyo maana tulisema dereva hajulikani stesheni, hujulikana kileleni.

Zamu ya pili ya Bi Mkubwa alikuwa nayo dereva tuliyemwita Haraka. Siku moja alivuka kilele na maji ya kudanganya. Kizibo cha madini ya risasi kilichowekwa paani kiliyeyuka kama kilivyokusudiwa, mvuke ukamwagikia moto, naye na mtia makaa wake wakaruka. Walipona, Mungu ni mkubwa. Lakini paa la sanduku lilishuka katikati kama kitanda kilichovunjika chaga. Niliingia nikaliona kwa macho yangu.

Wakaivuta injini mpaka karakana. Kutengeneza sanduku jipya la moto ni kazi ya miezi. Baada ya wiki tatu Bi Mkubwa akatoka, amepakwa rangi, anang'aa. Nikapanda kibandani. Kila kitu kilikuwa kilekile: mpini wangu, kirafu changu, kioo cha maji chenye ufa kwenye kifuniko. Boila lilelile. Nikajua wamelipiga nyundo likanyooka. Chuma kilichoiva kikapondwa kurudi mahali pake kinaonekana kizima, na kikipimwa ni kizima. Maji baridi hayasemi yote. Kinangoja joto.

Fundi boila wetu mkuu alikuwa kaka yake marehemu bibi yako, Nyundo. Nikamuuliza, "Shemeji, hili boila mmelitengeneza?" Akacheka, akanigonga bega. "Panda uendeshe, shemeji. Halina neno." Hakuna jibu lililowahi kuniumiza kama lile. Mtu wa nyumbani kwangu, anajua nitasimama wapi, na anacheka.

Kesho yake niliomba uhamisho kwenda chuo cha madereva. Watu wakanipongeza kwa cheo, nikawaacha wapongeze. Bi Mkubwa aliendeshwa na wengine miaka michache mpaka dizeli zilipokuja, na kila siku nilikuwa nasubiri habari mbaya. Haikuja. Nikasema ni bahati, na bahati haina dhamana. Mimi na Nyundo tumebaki kuamkiana kama watu wa foleni moja.

Nilitumaini chuma kile kitazeeka kimya na siri yake, nisimchafue shemeji yangu. Sasa unataka kusimama mbele ya mlango ule. Nakuomba, mama. Usiwashe.

Babu yako


Karakana
5 Machi

Babu,

Shikamoo. Sijawasha. Siku niliyopata barua yako nilikwenda kwa mkuu nikamwambia nasimamisha kazi. Akauliza mpaka lini, nikasema mpaka nijue. Akafungua droo akanionyesha sare ya dirisha la tiketi. Kumbe ipo kweli.

Kisha nikaingia ndani ya sanduku la moto, nikalala chali na taa. Nilikuwa nimeingia humo mara nyingi, lakini nikitafuta nyufa, sikuwa natafuta yaliyopita. Safari hii nilibandika rula ndefu ya chuma kwenye paa, kipande kwa kipande. Babu, limenyooka kama meza. Unene uko sawa kila mahali, hakuna hata alama moja ya nyundo, na bolti zinazolishikilia zote ni za umri mmoja. Nilimwita mwenzangu naye akalala chali, tukawa kama watu wawili wanaotazama nyota, akasema, "Hili paa halijawahi hata kuumwa kichwa."

Nikatoka nikavua bati linalofunika boila juu ya mlango wa moto, nikakwangua rangi. Chini yake kuna namba imegongwa ndani ya chuma. Fimbo za magurudumu zina sitini na mbili. Fremu ina sitini na mbili. Boila lina sabini na moja.

Sikutaka kukisia juu ya maisha yako. Mama amenipa anwani ya Babu Nyundo, na nimemwandikia swali moja tu: boila hili limetoka wapi? Sikumweleza kwa nini nauliza. Naomba usinikasirikie.

Mjukuu wako


Nyumba ya fundi mstaafu, nyuma ya soko
12 Machi

Kwa mjukuu,

Salamu nyingi. Sijapokea barua yenye stempu tangu posta ilipoanza kuuza soda. Nilidhani nadaiwa kodi.

Swali lako ni dogo, jibu lake linanikumbusha ujana. Sabini na Moja ilikuwa dada wa Bi Mkubwa, kiwanda kimoja, kipimo kimoja. Iligongwa na mabehewa yaliyoachiwa kwenye mteremko wa uani kwetu, fremu ikapinda kama ndizi. Masikini, ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwangu na boila jipya kabisa, halijachafuka. Basi Haraka alipomvunja Bi Mkubwa mgongo, hesabu ilikuwa wazi: huyu ana miguu mizima na tumbo bovu, yule ana tumbo zima na miguu mibovu. Tukalinyanyua boila la Sabini na Moja kwa winchi, tukaliweka kwenye fremu ya Sitini na Mbili. Wiki tatu, na Jumapili mbili tulilala. Kubadilisha maboila kwenye reli kubwa ni kawaida. Kwetu hapakuwa na boila la akiba hata siku moja kabla ya hiyo, ndiyo maana madereva hawakuwa na fikra hiyo.

Lile boila bovu tulilikata. Kipande cha paa lile lililolegea tulikilaza juu ya mtaro wa lango la karakana, watu wakakikanyaga kila asubuhi wakienda kazini. Nadhani bado kipo.

Na nikwambie jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Babu yako ni mtu wa taratibu. Ukimsogezea kikombe chake hawezi kunywa. Kwa hiyo kabla ya kulikata boila bovu nilifungua kwa mikono yangu kila kilichokuwa kibandani, mpini wake, kirafu chake cha shaba, kioo cha maji pamoja na kifuniko chake chenye ufa, nikafunga vyote kwenye boila jipya, mahali palepale, mpaka misumari. Nilitaka akipanda akute nyumba yake kama alivyoiacha. Akaniuliza kama tumelitengeneza. Nikacheka, nikijua atapiga hatua mbili aone mwenyewe jinsi linavyovuta. Kesho yake akahamia chuoni. Nikasema haya, ndiyo shukrani za shemeji.

Hata hivyo najua kwa nini alininunia. Ni kwa sababu kwenye sherehe ya kuagwa mkuu wa stesheni niliwasimulia watu jinsi alivyosafiri na breki ya mkono haijafunguliwa mpaka magurudumu yakanuka. Mwambie nilishaacha kuisimulia. Karibu.

Babu yako Nyundo


Nyumbani
18 Machi

Shemeji,

Mjukuu wetu amenitumia barua yako. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikacheka mpaka jirani akaja kuniuliza kama nimepata urithi. Nikamwambia nimepunguziwa mzigo, ni afadhali kuliko urithi.

Miaka yote hii, mimi nilidhani ulilipiga nyundo boila bovu ukanirudishia nipande. Na kilichonihakikishia ni vile vitu vyangu. Niliona mpini wangu, kirafu changu, kioo changu chenye ufa, nikasema, boila lilelile. Ungeniachia mpini mpya tu, mmoja, ningelitambua boila jipya siku ileile na tungekula pamoja kila Jumapili. Umenitendea wema mkubwa kiasi kwamba sikuweza kuuona. Nami nikakuhukumu bila kukuita shahidi. Dada yako aliniuliza mara nyingi kuna nini kati yetu, nikamwambia ni mambo ya kazi. Angekuwa hai leo angetupiga wote wawili kwa mwiko mmoja.

Neno moja kuhusu breki ya mkono, kwa kuwa mambo ya kiufundi lazima yawe sahihi. Kwanza, haikuwa safari nzima, ilikuwa kutoka uani mpaka ishara ya kwanza. Pili, aliyeifunga alikuwa mtia makaa. Tatu, magurudumu yalinuka kidogo tu.

Mjukuu anawasha injini wiki ijayo, na Jumamosi ya kwanza ya Aprili anapanda nayo kilimani. Nimemwandikia kwamba sina tena pingamizi, na kwamba magoti yangu yamepona ghafla. Nitapita kwako na basi la Ijumaa asubuhi. Usiponisubiri nje nitashuka nipige honi ya mdomo sokoni kote.

Shemeji yako


Nyuma ya soko
23 Machi

Shemeji,

Kumbe ulidhani nimekupa boila bovu. Nimelala na hilo siku mbili nikitafuta hasira, sikuipata. Nimepata kicheko tu, na kidogo cha kulia ambacho hakikuhusu. Ningekuwa mimi, na namjua fundi anayeitwa Nyundo, ningedhani hivyohivyo.

Nitakuwa nje Ijumaa tangu jogoo wa kwanza. Nimeweka viti viwili kabisa ili nisije nikajisahau nikaingia ndani. Njiani utanieleza mambo yako yote, historia ya mvuke na ya migodi na ya farasi, sitakukatiza. Nimekosa mihadhara yako mpaka nikaanza kusikiliza redio.

Umesema mtia makaa ndiye aliyeifunga breki. Sawa. Na kazi ya kuifungua ilikuwa ya nani?

Nyundo


Nyumbani
10 Aprili

Mjukuu wangu,

Tumefika salama. Nasema tumefika kwa sababu Nyundo alisema anakuja kunywa chai tu, na leo ni siku ya tano. Yuko uani anamweleza jirani kwamba tangi lake la maji limefungwa vibaya. Ni kweli limefungwa vibaya.

Mkuu wako alinishika mkono pale stesheni ya juu akaniambia wewe ni hazina ya taasisi. Nilimuuliza kama hazina hiyo ingekaa vizuri nyuma ya dirisha la tiketi. Alikohoa. Nadhani ile sare atampa mtu mwingine.

Nimekaa nikitafuta namna ya kukueleza siku ile, na naona maelezo yangu yote ya kawaida hayanisaidii, kwa sababu yote yanahusu jinsi vitu vinavyofanya kazi. Boila lilivuta vizuri, hilo nitasema kama mwalimu. Mvuke ulikuwa mkavu, moto wako ulikuwa mweupe na umetandazwa sawasawa, na Nyundo aliyekaa kwenye sanduku la vifaa alikuwa akitikisa kichwa kila mara kama mtu anayemsikiliza mwanawe akisoma kitabu. Umati ulikuwa mkubwa. Mtoto mmoja alilia kwa kuogopa honi, kisha akalia kwa sababu imenyamaza.

Lakini nilichotaka kukuambia ni hiki. Tulipokaribia kilele nilijishika kwenye nguzo kama nilivyojishika maelfu ya mara. Mwili wangu haukujua kwamba akili imekwisha tulia. Jicho langu lilikwenda kwenye kioo cha maji kwa mazoea, nikafungua mdomo nikuambie, ongeza maji sasa, kabla hatujavuka. Nikaona mkono wako umekwisha fika. Ulikuwa umeufungua mfereji wa maji zamani, wakati mimi bado navuta pumzi, na wala hukunitazama. Ulikuwa unamwambia mwenzako jambo la kuchekesha.

Nikaufunga mdomo. Sikuwa na kazi. Nikageuza uso, nikatoa kichwa dirishani tukiwa tunavuka.

Mjukuu wangu, mimi nimevuka kilima kile miaka mingi sana, mvua na jua, na kila mara nilikuwa natazama kioo chenye urefu wa kiganja. Sikujua kwamba pale juu unaona mto.

Babu yako